Programu ni ya bure, sasa nimlalamikie nani?

Wasomaji wangu, habari za mwezi mzima. Sanduku safari hii limejaa, na ukizipanga barua zote mezani utadhani mmeambizana, karibu kila mtu ana programu ya bure iliyomtibua na anataka kujua wa kumshika shati ni nani. Nikisema ya bure simaanishi ile ya wizi uliyopewa kwenye flashi na rafiki yako. Namaanisha programu huria, ile ambayo walioitengeneza wameuacha msimbo wake, yaani yale maandishi yanayoiendesha, hadharani, yeyote auone, autumie, aubadili, augawe. Nimechagua barua tano.

Shikamoo fundi. Mimi ni mkutubi kwenye maktaba ya chuo huku Morogoro, tunatumia Koha, ile programu ya kuendeshea maktaba, toka nimefika hapa. Majuzi kijana wetu wa kompyuta kaiapdeti, kesho yake ripoti yangu ya vitabu vilivyochelewa haifunguki, inatoa maneno ya ajabu tu, sasa naandika kwenye daftari kama zamani. Nimewaandikia watengenezaji mara mbili, tena kwa herufi kubwa maana nilikuwa na hasira, nikawaambia huu ni uzembe. Siku ya nane leo kimya. Kwani hawana wajibu kwetu? — Mkutubi, Morogoro

Marahaba, mkutubi. Pole, ila hilo daftari usiliache mpaka tumalize, ndo limekuokoa.

Tuanze na hizo herufi kubwa. Koha inagawiwa kwa leseni ya GPL toleo la tatu, yaani masharti ya kuitumia na kuigawa, na ukifungua kifungu cha 15 cha hiyo leseni utakuta wenzio walishakutangulia, nao wameandika kwa herufi kubwa kifungu kizima, kwamba programu haina dhamana ya aina yoyote na ikileta kasoro gharama ya kuitengeneza ni yako. Yaani mmepigiana kelele wote wawili, ila wao walianza na nyinyi mkaichukua hivyo hivyo.

Sasa usije ukadhani ni watu wa roho mbaya. Koha ilianzia New Zealand, kwenye maktaba za Horowhenua. Mwaka 1999 mfumo wao wa zamani ulikuwa unaelekea mwaka 2000 na hakuna aliyekuwa na uhakika kama utavuka salama, wakaagiza utengenezwe mwingine, Januari 2000 ukaanza kazi, halafu wakaamua kuugawa kwa maktaba za dunia nzima. Hata jina ni neno la Kimaori lenye maana ya zawadi, lakini sio zawadi ya kupokea na kuondoka, ni ya kupeana, leo umepewa wewe na kesho unatoa. Sisi hii tunaijua vizuri tu, ni mchango wa harusi. Hakuna anayekupeleka polisi kwa kutochanga, ila daftari la kamati lipo na watu wanasoma. Wewe umekula karamu ya miaka yote hiyo, siku wali umeungua kidogo ndo unasimama katikati ya ukumbi unamfokea mpishi aliyejitolea.

Tuje kwenye ripoti yenyewe. Hizo ripoti mnazojitengenezea ndani ya Koha zimeandikwa kwa SQL, lugha ya kuuliza data zilizohifadhiwa, na SQL inataja majedwali kwa majina. Toleo jipya likihamisha kitu kutoka jedwali hili kwenda lile, ripoti yako inabaki inabisha hodi kwenye nyumba ambayo mtu alishahama. Ilishatokea kwenye toleo la 17.05, lile la Mei 2017, rekodi za MARC, yale maelezo ya vitabu, zilitolewa kwenye jedwali la biblioitems zikapelekwa biblio_metadata, na ripoti zote zilizokuwa zinachungulia pale pa zamani zikagoma. Mambo kama hayo huwa yanaandikwa kwenye maelezo yanayotoka na kila toleo. Nina hakika kijana wako hakuyasoma, na sisemi kwa kumsengenya, mimi mwenyewe miaka mingi nilikuwa siyasomi.

Na niliadhibiwa. Kuna zahanati moja nilikuwa nawashughulikia mfumo wao, pia wa huria, nikaiapdeti Ijumaa saa kumi jioni ili niwahi daladala. Ikafa katikati. Nikasema hamna shida bakapu ipo, na kweli ilikuwepo, ila ilikuwa kwenye diski ileile niliyokuwa naiharibu. Nililala pale juu ya benchi la wagonjwa mpaka Jumapili, nikiingiza kadi moja moja toka kwenye makaratasi, na nesi wa zamu ananiletea chai huku ananiangalia kwa namna ambayo sijaisahau. Waliotengeneza ile programu hawakunikosea chochote. Walisema weka bakapu pembeni, ijaribu kwanza kwenye kompyuta nyingine, ndo uguse ile ya kazi. Nilikuwa nimeyaruka yote hayo kwa sababu ya daladala.

Kwa hiyo mkutubi, fanya hivi. Waandikie mara ya tatu, pale pao pa kuripoti kasoro, kwa herufi za kawaida. Taja toleo mlilotoka na mliloingia. Sema seva, ile kompyuta inayobeba Koha, ni ya Debian au Ubuntu (hiyo ni mifumo ya Linux) na ni toleo gani. Bandika SQL ya ripoti yako nzima. Bandika yale maneno ya ajabu yenyewe kama yalivyo, sio picha uliyoipiga kwa simu kwa pembeni na kidole kinaonekana. Malizia na kilichokuwa kinafanya kazi kabla ya apdeti. Barua ya hivyo mtu wa upande wa pili anaisoma akiwa anakunywa kahawa na anajua pa kuanzia, ile yako ya kwanza inamwambia tu kwamba kuna mtu Morogoro amekasirika. Na wakikujibu, ukapata dawa, rudi uandike dawa ilikuwa nini, maana kuna mkutubi mwingine Kisumu au Bujumbura ataitafuta mwakani.

Na kama chuo kinataka mtu wa kuwajibika ndani ya saa 24, wapo. Kuna kampuni duniani kazi yao ni kuuza huduma ya Koha, unasaini mkataba, unalipa, unapiga simu. Mkishalipa hapo, hata herufi kubwa nitakusaidia kuandika.

Salaam aleikum ndugu. Nina duka la stesheneri hapa Mombasa, kompyuta nne zote nimetia Ubuntu. Wateja waleta CV za Word, nikifungua kwa LibreOffice mistari yaruka, ukurasa mmoja wawa miwili, na mteja anifokea mimi. Hii LibreOffice mbovu ama vipi? — Mwenye duka, Mombasa

Waaleikum salaam. Programu unaionea bure. CV nyingi zimeandikwa kwa fonti ya Calibri au Cambria, na hizo ni mali ya Microsoft, kwenye Ubuntu yako hazimo. Kompyuta ikizikosa inabandika nyingine ambayo herufi zake zina upana tofauti, mstari mmoja unasukuma mwenzie mpaka ukurasa unafurika. Weka pakiti mbili, fonts-crosextra-carlito na fonts-crosextra-caladea, ni za bure na herufi zake zimepimwa upana sawasawa na zile, dakika mbili umemaliza. Zikibaki za kukusumbua mwambie mteja akutumie PDF, hiyo haichezi.

Halafu kwa kuwa Kiswahili chako ni kitamu, nikuchokoze kidogo. Mwaka 2004 watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikaa wakatafsiri OpenOffice, ambayo ndo mzazi wa hiyo LibreOffice yako, wakaitoa kwa Kiswahili kwa jina la Jambo OpenOffice. Neno kwa neno, menyu kwa menyu. Kazi ya tafsiri haina mwisho na haihitaji kujua kuandika programu hata mstari mmoja. Duka likiwa halina wateja mchana, unajua pa kupoteza nusu saa.

Fundi, mimi ni mweka hazina wa SACCOS huku Mbeya. Mwaka juzi tulimlipa mtaalamu shilingi milioni 6 atuwekee mfumo wa mikopo. Sasa mwanangu kaja likizo toka chuo, kauangalia, kacheka, ananiambia baba hii ni Fineract, ipo mtandaoni bure kabisa. Wanachama wakijua nitajificha wapi? Tumeibiwa? — Mweka hazina, Mbeya

Shikamoo mzee wangu. Hamjaibiwa. Au niseme hamjaibiwa bado, inategemea majibu ya maswali nitakayokupa.

Ni kweli Fineract ni ya bure. Mizizi yake ni Mifos, mradi ulioanzishwa na Grameen Foundation kwa ajili ya taasisi za mikopo midogo, baadaye ukaingia chini ya Apache, shirika linalosimamia programu nyingi za huria. Leseni yake inamruhusu yeyote kuichukua, kuifunga upya na kuiuza, hata kwa milioni 60 akimpata wa kumlipa. Maji ya mtoni ni bure mzee, ila mwenye mkokoteni wa madumu unamlipa na hujawahi kumwita mwizi. Kosa lingekuwa kama alikuapia kwamba ameitengeneza yeye kwa mikono yake.

Kwa hiyo swali sio bei, swali ni hiyo milioni 6 ilinunua nini. Chukua mkataba, kama upo, ukae na mwanao (huyo anayecheka, mpe kazi) mtafute mambo haya. Neno la siri la seva liko kwa nani? Kama liko kwa mtaalamu peke yake basi SACCOS haina mfumo, mtaalamu ndo ana SACCOS. Bakapu inachukuliwa lini, inakaa wapi, na je kuna siku yoyote mtu alishajaribu kuirudisha akaona inafunguka? Vitu alivyowaongezea ndani, ile fomu ya mkopo wa pembejeo kwa mfano, msimbo wake mnao? Hapa kuna mtego, leseni ya Apache haimlazimishi kuwapa alichobadilisha, ingekuwa GPL angewajibika, kwa hiyo kama hakikuandikwa kwenye mkataba mnabaki kuomba tu. Jingine, nani anaweka viraka, yaani marekebisho ya kuziba matundu ya usalama?

Hilo la viraka nilikalie kidogo maana ndo linaua watu. Mwaka 2017 mwezi wa tatu watu wa Apache walitoa kiraka cha programu yao nyingine, Struts, ya kutengenezea tovuti, ilikuwa na tundu baya sana, wakatangaza, kiraka bure. Kampuni ya Equifax ya Marekani, hao wanaotunza rekodi za mikopo za watu, walikuwa wanaitumia Struts na kwenye mfumo mmoja hawakukiweka. Mwezi wa tano wezi wakaingia kupitia tundu lilelile lililokuwa limeshatangazwa, wakachota taarifa za watu kama milioni 147. Mwaka 2019 kampuni ikakubali kulipa mamia ya mamilioni ya dola. Waliotoa kiraka walimaliza kazi yao mwezi wa tatu. Iliyobaki ilikuwa ya mwenye nyumba, na mwenye nyumba alikuwa na hela za kutosha kuajiri jeshi zima la mafundi.

Nyinyi hapo Mbeya mna vitambulisho, namba za simu na akiba za wanachama. Mwanachama akiibiwa hatamtafuta mtu wa Apache, atakuja mlangoni kwako, na atakuwa sahihi. Kwa hiyo muite mtaalamu, muwekeane mkataba wa mwaka wa matunzo, kila mwezi alete karatasi inayosema tupo toleo gani na limetoka jipya lipi. Akikubali bei iwe ya haki mlipe kwa raha. Akianza kuzunguka zunguka, uzuri wa kitu cha huria ni kwamba mnaweza kumpata fundi mwingine kesho na mfumo mkabaki nao, mradi neno la siri mnalo.

Na wanachama waambie wewe mwenyewe kwenye mkutano kabla hawajaambiwa na mwanao.

Habari. Nimepakua VLC ili niangalie muvi, ikaja na vitu vingine vitatu sijaviomba na brauza yangu imebadilika. Si mlisema ya huria ni salama? — Msomaji, Kigali

Hiyo sio ya kwao. Yenyewe inatoka videolan.org, mradi ulioanza na wanafunzi wa chuo kimoja Ufaransa mwaka 1996, na haina matangazo wala mizigo ya kupakia. Uliandika jina kwenye kisanduku cha kutafutia ukabonyeza cha kwanza kilichotokea, sindio? Msimbo ukiwa huria hata tapeli anaruhusiwa kuuchukua, akaufunga na takataka zake akauweka kwenye tovuti yenye kitufe kikubwa cha kijani. Ing'oe, vile vitatu ving'oe pia, rudisha brauza ilivyokuwa, upakue upya pale pao. Hao wa videolan hawana deni na wewe kwa hili.

Niaje fundi. Niliandika ka-programu ka kuhesabu pesa za chama, nikakaweka bure watu watumie, msimbo wote uko wazi. Sikutarajia kuwa watu watakapenda. Sahii kuna jamaa ananitumia meseji saa sita usiku ati nirekebishe ile ripoti ya faini kwa sababu kesho wana mkutano, na nikichelewa ananiambia mimi si serious. Sijawahi kulipwa hata shilingi. Nataka kufuta kila kitu. — Kijana, Nairobi

Poa sana kijana, usifute kwanza, pumua.

Nikupe habari za watu wawili wa huko juu. Daniel Stenberg ni Mswidi anayetunza curl, kitu cha kupeleka na kuleta data mtandaoni ambacho kimo ndani ya simu, magari, televisheni, karibu kila kinachogusa intaneti. Januari 2022, ile kasheshe ya Log4j, programu huria nyingine iliyokutwa na tundu baya la usalama, ikiwa bado ya moto, kampuni moja kubwa ilimtumia imeili yenye orodha ya maswali ya usalama, wakamtaka ajibu ndani ya saa 24. Hawakuwa wateja wake, hakuna mkataba, na Log4j yenyewe sio kazi yake. Akawajibu kwa upole kwamba atafurahi kujibu yote wakishasaini mkataba wa huduma. Umeona hiyo? Hakutukana, hakufuta, alitaja bei tu.

Wa pili inauma zaidi. Lasse Collin wa Finland alikuwa anatunza xz, kile cha kubana mafaili kwenye Linux, miaka na miaka, kwa kujitolea. Mwaka 2022 wakatokea watu wanamsonga, mbona unachelewa, mbona husomi viraka, mpe mwingine kama umechoka. Akawaeleza wazi kwamba afya yake ya akili haiko sawa kwa muda mrefu na kwamba hii ni kazi ya kupenda tu, halipwi. Pembeni kulikuwa na msaidizi mkarimu sana anayejiita Jia Tan, taratibu akapewa funguo, yaani ruhusa ya kuubadili msimbo mwenyewe. Mwaka 2024 kwenye toleo la 5.6.0 na 5.6.1 huyo msaidizi akapenyeza mlango wa siri wa kuingilia seva za watu. Aliyeugundua ni Andres Freund wa Microsoft, Machi 2024, kwa sababu kuingia kwenye seva kwa SSH (njia ya kuingia kutoka mbali) kulikuwa kunachelewa kama nusu sekunde na yeye akakataa kuipuuza hiyo nusu sekunde. Wachunguzi wengi wanaamini hata wale wasumbufu wa mwanzo walikuwa kundi lilelile, wamepangwa wamchoshe mzee wa watu.

Nakwambia haya kwa sababu ya huyo jamaa wako wa saa sita. Sidhani ni jasusi, ni mwenyekiti wa chama aliyebanwa na akina mama wenye hela zao, lakini uchovu anaokupa ni uleule, na mtu akishachoka anamkabidhi funguo yeyote anayejitokeza.

Kwa hiyo leo fungua ule ukurasa wa maelezo ya ka-programu kako, juu kabisa andika kwa Kiswahili cha kawaida: natunza hii kwa muda wangu, naangalia Jumamosi, sina ahadi ya tarehe, hesabu zihakikiwe na mweka hazina kabla ya kusomwa mkutanoni. Weka leseni kama hujaweka, ya MIT ni fupi na ina yale maneno ya bila dhamana. Weka sehemu moja ya kuripoti kasoro na namba yako ya simu itoe. Andika na bei ya kazi ya haraka, hata kama ni shilingi 3,000 kwa saa, ili anayetaka leo leo ajue mlango uko wapi. Anayejua kuandika msimbo mwambie alete marekebisho mwenyewe, utayasoma, na ukiyaona mazuri utayaingiza, ila funguo usimpe mpaka umjue. Na ukiamua kuacha kabisa, acha, lakini usifute, andika tu kwamba umeacha ili mwingine achukue nakala aendelee, maana kuna vyama vina hela zao mle ndani na hao hawajakukosea.

Huyo jamaa usimjibu sasa hivi. Mjibu Jumamosi, mtumie linki ya hiyo sehemu ya kuripoti, na muombe namba ya toleo na faili la ripoti ya faini lililogoma.